Kosa la Kufananisha

Nchi yangu sitaitaja jina. Sheria yetu hairuhusu itajwe bila wimbo wa taifa kupigwa kwanza, watu wakiwa wamesimama wima, nami naandika haya nikiwa nimekaa kitako na bendi sina. Itoshe kusema kwamba ni nchi tukufu, ina Wizara ya Utambulisho wa Taifa, wizara ina waziri, na waziri alikuwa na tatizo moja tu: mwaka wa tatu ulikuwa unaisha na hakuna aliyejua kazi yake ni nini, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Waziri huyo ni Mheshimiwa Dakta Ngwabi Lusonzo. Udaktari alitunukiwa na chuo kikuu kimoja siku alipokwenda kukizindulia vyoo. Ni mtu wa kusoma sana, hasa majarida yanayowekwa kwenye mfuko wa kiti cha ndege, na humo ndimo alimokuta habari za Wagrumi na Wavostavi. Hayo ni mataifa mawili ya Ulaya, majirani, yaliyotenganishwa na mto ambao hata kuku akidhamiria anavuka. Jarida lilisema hakuna duniani watu wanaopakana na wakatofautiana kama hao.

"Umeona?" aliniambia, akinionyesha picha kwa kidole. "Wenzetu wanapakana na bado wanatofautiana. Sisi tunafanana na kila mtu. Ndiyo maana hatuendelei."

Mimi naitwa Sikudhani Mbaruku, afisa nyaraka daraja la pili. Nilitiwa kwenye msafara kwa sababu ujanani nilipelekwa Grumia kusomea ufugaji wa nyuki. Nilikaa miaka mitano, nikarudi na cheti, nikakuta idara ya nyuki imeunganishwa na idara ya makaburi. Nyuki nimewasahau. Kigrumi kimebaki.

Tuliondoka watu kumi na watatu. Kumi na mmoja sikupata kujua kazi yao. Tulipotua walipotelea madukani, nikawaona tena siku ya kurudi wakiwa na masanduku zaidi ya tuliyoondoka nayo. Ziara yenyewe tuliifanya mimi na Mheshimiwa.

*

Upande wa Grumia tulipokelewa na Bwana Albrek Tunne, Mkurugenzi wa Ofisi ya Hifadhi ya Tofauti. Alikuwa mrefu, msafi, na alinipa mkono kwa namna ya mtu anayekabidhi kitu ambacho angependa kurudishiwa haraka. Ofisi yake ina watumishi mia nne. Kazi yao ni kutafuta tofauti baina ya Wagrumi na Wavostavi, kuisajili, kuipiga muhuri na kuihifadhi mahali pakavu.

"Mheshimiwa," alisema, "sisi Wagrumi mchana tunakula supu ya kabichi. Sasa mkivuka mto mtajionea wenyewe mambo ya kusikitisha. Wale wanakula supu ya kabichi."

Mheshimiwa aliandika yote kwenye daftari. Kisha akainua kalamu. "Tofauti iko wapi hapo?"

Bwana Tunne alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. "Yetu ina historia."

Tukapelekwa kwenye uwanja mkuu kutazama sanamu ya shujaa wa taifa. Yuko juu ya farasi, upanga mkononi, pua imekatika kidogo, amewageukia Wavostavi. Bwana Tunne alivua kofia. Alitueleza kuwa shujaa huyo aliwashinda Wavostavi katika vita vikubwa vilivyochukua siku nzima, ukiacha muda wa chakula.

Kesho yake tukavuka kwenda Vostavia. Daraja la mji wa Olmi lina urefu wa hatua arobaini. Tulilivuka kwa saa nne. Katikati pana mstari mwekundu, na mtu akiufikia lazima avue viatu vikaguliwe, maana Wavostavi hawataki udongo wa Grumia. Upande wa pili alitungoja Bi. Ilka Zdoran, Mkurugenzi wa Ofisi ya Ulinzi wa Upekee, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, naye alinipa mkono mara mbili.

"Mgrumi anatoa mkono mara moja," alisema. "Hana moyo."

Alitupa supu ya kabichi. Akatupeleka kwenye uwanja mkuu. Palikuwa na shujaa yule yule, farasi yule yule, pua ile ile iliyokatika kidogo, ila amewageukia Wagrumi. Bi. Ilka alifuta machozi. Shujaa huyo, alisema, aliwashinda Wagrumi katika vita vikubwa vya siku nzima.

"Tena Wagrumi wanakula saa sita na nusu," aliongeza, "kabla njaa haijakomaa. Sisi tunakula saa saba. Mtu na mnyama wanatofautiana katika nusu saa hiyo."

"Ajabu!" alisema Mheshimiwa akiandika. "Ajabu sana!"

Mimi nilikuwa na ajabu yangu. Tangu tuvuke daraja nilikuwa nangoja kuanza kutoelewa, na nilikuwa bado naelewa. Bi. Ilka alikuwa akisema Kigrumi. Kigrumi kile kile nilichofundishiwa nyuki, isipokuwa maneno aliyavuta kidogo mwishoni, kama mtu anayeita mbuzi. Nikakosea kuuliza.

"Bibi, hii lugha yenu na ile ya ng'ambo si ni moja?"

Karani mmoja aliyekuwa akimimina chai aliacha kumimina. Mheshimiwa hakuelewa nilichosema, lakini alijua sura ya watu waliokasirika, akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Hatuelewi hata neno moja la Kigrumi," alisema Bi. Ilka taratibu. "Hata moja. Na ningekushauri, bibi, swali hilo usilirudie ukiwa karibu na daraja."

*

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nakunywa chai hotelini, upande wa Grumia, nikiwa peke yangu, maana Mheshimiwa huamka hali ya hewa ikishatulia. Akaja mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, mikono imekauka kwa unga. Alikaa bila kukaribishwa.

"Wewe ndiye unayetoka kwao Shaweji?"

Nilishtuka kusikia jina la kwetu kinywani mwake. Alinieleza kuwa anaitwa Veska, ni Mvostavi, na Shaweji Kilindo ni mume wake. Kumbe mtu wetu huyo alifika Olmi miaka kumi na tisa iliyopita, akafungua tanuri la mkate hapo hapo juu ya daraja, kando ya mstari mwekundu. Mji mzima ulikula mkono wake, pande zote mbili. Kwa kuwa Wagrumi hawagusi mkate wa Kivostavi, wala Wavostavi hawagusi wa Kigrumi, aliweka vikapu viwili, kila kimoja na bendera yake. Watu wakaridhika. Mgrumi alichukua kikapu cha kulia, Mvostavi cha kushoto, wakanuniana vizuri, wakaenda zao.

"Halafu wakaja wakaguzi wawili," alisema Veska. "Mmoja wa Grumia, mmoja wa Vostavia. Hiyo tu ingetushtua, kuwaona wamekuja pamoja. Wakanunua mkate kila kikapu. Wakamuuliza Shaweji, hii ina tofauti gani? Yeye mtu mkweli, mjinga wangu yule, akacheka. Akasema ni unga mmoja na tanuri moja, kuleni."

Walimkamata pale pale. Kosa linaitwa Kosa la Kufananisha, na nchi zote mbili zinalo, kwa maneno yale yale. Kwa kuwa mlango wa duka uko Grumia na tanuri limeingia hatua tatu upande wa Vostavia, kila nchi ilisema mfungwa ni wake. Mpaka wapatane, anakaa wiki moja gereza la huku na wiki moja la huko. Kila Jumapili saa nne asubuhi anavushwa daraja akiwa na pingu. Huo ulikuwa mwezi wake wa saba kifungoni.

"Keshokutwa mawaziri wao wanakutana kuamua nani ammiliki," alisema Veska. "Atakayempata amemwahidi miaka mitano. Waziri wako akisema neno moja tu, watamwachia. Wanaogopa wageni, hawataki waonekane wabaya."

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Nikafuatana naye.

Alivushwa kwa wakati. Mwanamume mfupi, mvi za pembeni, koti la gereza la Grumia limemzidi mabega. Penye mstari mwekundu askari wa Grumia walimvua koti lao, na askari wa Vostavia wakamvisha la kwao, la rangi ile ile. Waliniruhusu niseme naye dakika tano, kwa kuwa hawakuwa na kanuni ya kukataza Kiswahili.

"Kaka Shaweji, pole," nilisema.

Aliniinamia, pingu zikalia. "Dada yangu. Sijasikia 'pole' muda mrefu. Huku hawana neno hilo, unajua? Wanasema 'ni kosa lako.'"

"Wanataka nini kwako?"

"Wanataka niandike tofauti. Wamenipa karatasi, niandike mkate wa Kigrumi unatofautiana vipi na wa Kivostavi, nitie sahihi, niende nyumbani. Nilikaa na ile karatasi siku tatu. Nikaandika huu una chumvi zaidi. Nikafuta. Dada, mimi ndiye niliyeuoka. Nitaandikaje?"

"Andika uongo utoke," nikamwambia. "Nani atakulaumu?"

"Mke wangu kaniambia hivyo hivyo." Alimtazama Veska aliyekuwa amesimama nyuma ya kamba. "Labda mwezi wa nane nitaweza. Bado mkono unakataa."

Dakika zikaisha. Askari walimgeuza kama wanavyogeuza kabati.

*

Nilimkuta Mheshimiwa kitandani na karatasi zimetapakaa hadi miguuni. Alikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona kwake hata wakati wa uchaguzi. Nikamweleza habari za Shaweji toka mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza kwa makini, akanisimamisha sehemu moja tu.

"Hilo kosa linaitwaje?"

"Kosa la Kufananisha, Mheshimiwa."

"Rudia taratibu." Akaandika, akalitazama neno, akalipigia mstari. "Wenzetu wamefika mbali."

"Mheshimiwa, ni raia wetu. Mpigie simu waziri wao, sema neno moja."

"Bi. Sikudhani." Alivua miwani, jambo analolifanya anapotaka kuonekana amechoka kwa ajili ya taifa. "Mtu ameondoka kwao akaenda kwa watu. Watu wakampokea. Yeye akawaambia mkate wao ni sawa na wa jirani. Wewe ungejisikiaje?"

"Ningekula, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana uko daraja la pili." Akarudisha miwani. "Sisi hatukuja hapa kwa Shaweji, tumekuja kujifunza. Na mimi nimeshajifunza. Nipatie nakala ya sheria yao, uitafsiri yote, na pale penye Grumia uweke sisi."

Nilitoka nikasimama kwenye korido. Nilitaka kulia, lakini mhudumu wa vyumba alikuwa anapita na ufagio wake, nikaona haya.

*

Mkutano wa mawaziri ulifanyika katika ukumbi uliojengwa katikati ya mto juu ya nguzo, nusu huku nusu kule, kwa msaada wa shirika moja kubwa la Ulaya linalogharimia mapatano na pia linagharimia tofauti, kila moja kwa ofisi yake. Mstari mwekundu ulipita sakafuni, ukapanda juu ya meza, ukakata chombo cha maua katikati. Waandishi wa habari walikuwa kama arobaini. Sisi tulialikwa kama wageni wa heshima, tukawekwa mwishoni kabisa mwa meza.

Saa tatu ikafika, mkutano haukuanza. Bwana Tunne alikuwa akikimbia huku na huko. Nikamsikia akimnong'oneza mtu kuwa mkalimani rasmi hayupo. Mkalimani huyo alifanya kazi miaka kumi na moja, akitafsiri Kigrumi kwa Kivostavi na Kivostavi kwa Kigrumi, na asubuhi ile, akiwa anavaa tai, alianza kucheka. Hakunyamaza. Wakampeleka hospitali.

"Haiwezekani kuendelea," alisema Bwana Tunne. "Mawaziri wataelewanaje?"

Bi. Ilka aligeuka akanitazama. Naye Bwana Tunne akanitazama. Niliona hawanipendi, na niliona hawana mwingine.

Wakanikalisha kwenye kiti kirefu juu ya mstari, mguu mmoja kila nchi. Kulia kwangu alikuwa Waziri Oskar Lemmen wa Grumia, mtu mwekundu mwenye masharubu yaliyochanwa. Kushoto, Waziri Teodor Brasko wa Vostavia, mtu mwekundu mwenye masharubu yaliyochanwa.

Kazi haikuwa ngumu. Waziri Lemmen alisema, "Tunawakaribisha." Nikamgeukia Waziri Brasko, nikasema, "Tunawakaribishaaa." Waziri Brasko aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyefumbuliwa jambo zito, akajibu, "Tunashukuruuu." Nikageuka, nikasema, "Tunashukuru." Makarani wa pande zote wakaandika. Tulikwenda hivyo kwa saa nzima. Tulijadili rangi ya boya mtoni na kelele za bata wa Kivostavi wanaoogelea bila kibali.

Katika habari ya bata ndipo Waziri Lemmen alipotia mzaha. Alisema bata wa Vostavia wanajulikana kwa sababu hulia wakichelewa nusu saa. Kabla sijafungua mdomo, Waziri Brasko alicheka. Kicheko kilimtoka puani. Akakigeuza kikohozi, akanywa maji, akaniangalia kwa uso mkavu akisubiri tafsiri. Nikamtafsiria. Ndipo akakunja uso kama aliyetukanwa.

Mimi nikawaza: basi wanasikia. Wanasikia kila neno, na hawawezi kusema kwamba wanasikia.

Ajenda ya saba ilikuwa Shaweji. Veska nilimwona nyuma ya waandishi, ameshika kitambaa chake kwa mikono miwili. Waziri Lemmen alisimama. Akasema kwa sauti ya kuhutubia:

"Mhalifu Shaweji Kilindo ameutukana mkate wa Grumia. Tunadai akabidhiwe kwetu, afungwe miaka mitano, na Vostavia isimguse."

Watu wote wakanigeukia. Nilimfikiria mama yangu, nikafikiria pensheni, na sijui nilifikiria nini tena. Nikamgeukia Waziri Brasko, nikavuta maneno vizuri:

"Waziri wa Grumia anasema kwamba Wagrumi ni watu wenye huruma kuliko majirani zao wote. Kwa hiyo, kuanzia leo, wanamwachia huru mfungwa huyuuu."

Kalamu arobaini zilianza kuandika.

Waziri Lemmen alibaki mdomo wazi. Masikio yake yalibadilika rangi, kwanza la kulia. Niliona neno linampanda kooni, likafika kwenye meno, na pale likakwama. Kwa maana ili aseme kuwa nimedanganya ilimpasa kwanza awe ameelewa Kivostavi, mbele ya waandishi, yeye mtoto wa Grumia ambaye babu yake ana mtaa wenye jina lake. Akafunga mdomo. Akakaa.

Waziri Brasko alikuwa amesikia yote, la kwanza na la pili. Alinitazama, akamtazama mwenzake, akawatazama waandishi wanaoandika neno "huruma" kwa ajili ya Grumia. Jasho likamtoka. Akapiga meza.

"Vostavia inapinga! Mfungwa ni wetu na atatumikia kifungo kwetu!"

Nikageuka kulia, sauti imetulia sasa, hata mimi nilijishangaa.

"Waziri wa Vostavia anasema Vostavia ilikwisha kumsamehe mtu huyu tangu jana. Imechelewa tu kutangaza, kwa kuwa ilikuwa wakati wa chakula."

Ukumbi ukalipuka makofi. Aliyepiga zaidi ya wote alikuwa Mheshimiwa Dakta Ngwabi Lusonzo, ambaye hakuelewa chochote lakini hawezi kukaa penye makofi bila kushiriki. Mawaziri wawili walitazamana kwa muda mrefu juu ya chombo cha maua. Kwa mara ya kwanza katika historia walikubaliana jambo, nalo lilikuwa kunichukia.

Baada ya hapo hawakugombania tena nani amfunge. Waligombania nani amfungue kwanza.

Waziri Lemmen alinivizia kwenye mlango wa kutokea. Aliinama, akasema kwa sauti ndogo, maneno ameyavuta mwishoni kama Mvostavi kamili, maana hakutaka watu wake wamwelewe:

"Wewe ni mkalimani mbaya mnooo."

"Samahani, Mheshimiwa," nikamjibu, "sijakuelewa. Nikuitie mkalimani?"

*

Shaweji alifunguliwa Jumatano, katikati ya daraja, na askari wa nchi mbili, kila mmoja akifungua pingu ya mkono mmoja. Bendi mbili zilipiga nyimbo mbili za taifa kwa tuni moja, moja ikiwa mbele ya nyingine kidogo. Alipokuwa huru alibaki ameshikanisha mikono vile vile. Veska ndiye aliyeiachanisha.

Kisha wakamsomea masharti. Aondoke Olmi katika siku mbili, asioke tena. Duka litakuwa Makumbusho ya Tofauti, na tanuri litagawanywa kwa kioo.

Siku ya kufunga virago watu walikuja kumuaga. Wagrumi waliingia mlango wa mbele, Wavostavi wa nyuma, hawakutazamana. Wote walilia. Mzee mmoja wa Kigrumi alimkumbatia Shaweji akasema hajui sasa atakula nini, maana mkate unaotoka mji mkuu unafika umekauka. Nilimuuliza mzee huyo: siku mtu huyu alipokamatwa ulisema nini?

"Sikuulizwa," alisema, akajipangusa macho.

*

Tulitua nyumbani saa nane mchana, Shaweji na Veska wakiwa nasi. Mheshimiwa alikuwa amekwisha kupiga simu, na ukumbi wa watu mashuhuri ulijaa: waandishi, kwaya ya wizara, na askari wawili waliovaa sare ambayo sikuwa nimeiona kabla. Bunge letu, ambalo kwa jambo la maji huchukua miaka sita, lilikuwa limepitisha sheria ya Mheshimiwa kwa hati ya dharura tukiwa hewani. Ilianza kutumika saa nne asubuhi.

"Ndugu wanahabari," alisema Mheshimiwa, "kijana wetu huyu nimemtoa kwenye makucha ya wageni kwa mikono yangu miwili." Akaiinua mikono, wakaipiga picha. "Na sitaki mumwonee huruma. Huyu ni mtaalamu wa mkate wa kimataifa. Nataka leo alihakikishie taifa." Akamvuta Shaweji mbele ya vipaza sauti. "Ndugu Kilindo, wapo wachochezi wanaosema chapati yetu na chapati ya hawa majirani zetu ni kitu kimoja. Wewe kama fundi, unasemaje?"

Askari wawili walisogea hatua moja. Hawakusogea kwa ubaya, nadhani walikuwa wamefundishwa tu kusogea.

Shaweji alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na ulimi wangu uko tayari kinywani, lakini swali lilikuwa la Kiswahili na jibu lingekuwa la Kiswahili, na ukumbi mzima ulikuwa unajua Kiswahili. Hapakuwa na mahali pa kuingia. Alimtazama Veska, aliyekuwa kwenye kiti na koti lake zito la Ulaya mapajani, akitabasamu kwa kila mtu kwa kuwa hakuelewa neno. Kisha akatazama chini, penye vifundo vya mikono yake.

"Ni tofauti, Mheshimiwa," alisema. "Tofauti kabisa."

Wakapiga makofi. Kwaya ikaanza. Mheshimiwa alimkumbatia mbele ya kamera, akampa cheti kilichokuwa kimechapwa tayari, pamoja na jina na jibu.

Veska alinivuta mkono wa gauni.

"Mbona wanashangilia? Amesema nini?"

Nilimtazama Shaweji pale mbele, cheti mkononi, anainamisha kichwa ili apigwe picha.

"Amesema amechoka," nikamwambia. "Anaomba mwende nyumbani."

Veska akasimama, akavaa koti lake kwenye joto lile la saa nane, akaanza kupita katikati ya watu kwenda kumchukua.